Mtakatifu Basili Mkuu na Njaa ya Kaisaria

Kila tarehe 2 Januari, siku moja tu baada ya Sherehe ya Maria Mtakatifu Mama wa Mungu, Kanisa linawakumbuka kwa pamoja marafiki wawili: Mtakatifu Basili Mkuu na Mtakatifu Gregori wa Nazianzi. Kwa kuwa siku hizo wengi wetu bado tumo katika shamrashamra za mwaka mpya, watakatifu hawa hupita bila kuangaliwa sana. Wanaomfahamu Basili humfahamu kama mwalimu wa Kanisa aliyetetea Umungu wa Roho Mtakatifu, na kama baba wa wamonaki wa Mashariki.

Hayo yote ni kweli. Lakini katika makala haya tunapenda kumtazama kwa upande mwingine. Basili alikuwa kijana wa familia tajiri aliyeona mji wake ukigawanyika kati ya wenye ghala na wenye njaa. Akalazimika kujiuliza kwa nini watu wanaosali katika kanisa moja hushindwa kusaidiana saa ile ile ambapo kusaidiana kunahitajika zaidi. Jibu lake lilianza kwa maneno, likaishia kwenye sufuria.

Mtoto wa wenye nacho

Basili alizaliwa yapata mwaka 330 katika nchi ya Kapadokia, ile tunayoisikia ikitajwa katika somo la Pentekoste. Leo eneo hilo liko katikati ya Uturuki. Ni nchi ya nyanda za juu, yenye baridi kali, na bahari iko mbali. Babu na bibi yake upande wa baba waliwahi kujificha kwa miaka kadhaa katika misitu ya Ponto wakati Wakristo walipokuwa wakidhulumiwa. Lakini kufikia kizazi chake mambo yalikuwa yamebadilika. Familia ilikuwa na ardhi kubwa kiasi kwamba mama yake, Emelia, alilipa kodi kwa watawala wa mikoa mitatu tofauti. Baba yake, aliyeitwa pia Basili, alikuwa mwalimu wa ufasaha, yaani sanaa ya kusema mbele ya watu. Katika siku zile, elimu hiyo ndiyo iliyomfungulia mtu milango ya mahakama na ya serikali.

Kijana Basili alisoma Kaisaria, mji mkuu wa Kapadokia, kisha Konstantinopoli, na mwishowe Athene, mji wa falsafa. Huko ndiko urafiki wake na Gregori ulikokomaa, wakiwa na njia mbili tu wanazozijua vizuri, moja ya kwenda kanisani na nyingine ya kwenda kwa walimu. Yapata mwaka 356 alirudi nyumbani akiwa msomi hasa, na alijijua kuwa msomi. Mdogo wake, Mtakatifu Gregori wa Nisa, hakuficha jambo hilo alipoandika habari za familia yao: kaka yake alirudi amejaa majivuno, akiwaona hata wakubwa wa mji kuwa chini yake.

Meza ya Makrina

Aliyemshusha hakuwa askofu wala mwanafalsafa. Alikuwa dada yake mkubwa, Mtakatifu Makrina. Mchumba wake alifariki kabla ya ndoa, naye akaamua kubaki bila kuolewa, akikaa na mama yao katika shamba la familia huko Ponto, kando ya mto Iris. Wakati wadogo zake wa kiume wakisomeshwa mijini, Makrina alikuwa akifanya jambo ambalo watu wa tabaka lao hawakulizoea. Alimshawishi mama yake aache kuishi kama bibi mkubwa anayetumikiwa. Emelia akakubali kula meza moja na wanawake waliokuwa watumishi na watumwa wake, chakula kile kile, akalala kitanda cha aina ile ile. Kila tofauti ya cheo katika maisha yao ya siku kwa siku iliondolewa.

Ndugu mwingine, Naukrasio, naye aliiacha kazi ya ufasaha akaenda kuishi msituni karibu na mto. Aliwinda na kuvua samaki ili awalishe wazee maskini aliokaa nao, mpaka alipokufa ghafla akiwa mawindoni.

Tunalitaja hili mapema kwa sababu bila hilo hatuwezi kumwelewa Basili. Sisi tunaosoma falsafa tumekutana na hoja ya Aristotle kwamba urafiki unaweza kustahimili tofauti fulani kati ya watu, lakini pengo likizidi mno, iwe la fadhila au la mali, urafiki hauwezekani tena. Wala wenyewe hawautarajii. Aristotle aliishia kulieleza pengo hilo. Makrina alianza kulipunguza, tena nyumbani kwake, kwenye meza ya chakula. Basili alirudi kutoka Athene akakuta somo ambalo Athene haikumfundisha.

Nani atamwosha nani miguu?

Basili aliacha kazi ya ualimu, akabatizwa yapata mwaka 357, kisha akafunga safari ndefu kwenda kuwaona wamonaki wa Misri, Palestina, Siria na Mesopotamia. Aliwastaajabia kwa kufunga na kusali kwao. Hata hivyo, aliporudi na kuanza maisha ya kimonaki kule Ponto, hakuwafuata wale waliokaa peke yao pangoni. Alipoandika mafundisho kwa ajili ya wamonaki wake alitoa sababu iliyo nyepesi kueleweka. Hakuna mtu anayejitosheleza. Hata mguu una nguvu yake, lakini unahitaji jicho. Zaidi ya hapo, Bwana aliwaosha wafuasi wake miguu, na anayeishi peke yake hana wa kumwosha. Atajuaje kama ni mnyenyekevu, ikiwa hakuna wa kumnyenyekea? Atajuaje kama ni mvumilivu, ikiwa hakuna wa kumuudhi?

Kwa Basili, basi, fadhila hazikui hewani. Zinahitaji mahali ambapo watu wanakutana uso kwa uso na mahitaji yao yanaonekana. Wazo hili lilijaribiwa vikali miaka michache baadaye.

Mwaka mvua ilipokataa

Basili alipewa Daraja Takatifu ya Upadre yapata mwaka 362, na baada ya muda akarudi Kaisaria kumsaidia askofu wake, Eusebi. Katika miaka ya 368 na 369 ukame ukaikumba Kapadokia. Majira ya baridi yalipita makavu, na masika yakapita bila mvua. Ardhi ilipasuka nyufa, na mito ambayo zamani ilihitaji mashua ikavukwa kwa miguu na wanawake na watoto.

Miji ya pwani ikipatwa na ukame huleta nafaka kwa meli. Kaisaria ilikuwa ndani sana ya nchi kavu, na kusafirisha nafaka kwa mikokoteni juu ya milima kuligharimu mno. Kilichokuwamo mjini ndicho hicho. Na mjini nafaka ilikuwamo, ila ilikuwa imefungiwa katika ghala za wenye mashamba makubwa na za walanguzi, ambao walikuwa wakisubiri bei ipande zaidi.

Hapa ndipo tunaona jinsi pengo la mali linavyoharibu mwenendo wa watu wote, walio juu na walio chini. Mwenye ghala hakuwa lazima mtu katili. Alikuwa na hofu. Basili alimchunguza kwa makini katika mahubiri yake. Tajiri, alisema, hawatazami wengi aliokwisha kuwapita, huwatazama wachache waliomtangulia, na kwa hiyo kila siku hujiona amepungukiwa. Ukimwomba, husema hana, na anasema hivyo kwa dhati, huku pete iliyo kidoleni mwake ikitosha kuwafungua watu kadhaa kutoka madeni yao. Wengine walifunga, walisali na kutubu, mradi ibada yenyewe isiwagharimu hata senti.

Upande wa chini, njaa iliwafikisha wazazi mahali pa kutisha. Basili alimweleza baba aliyemaliza vyote vya kuuza akabaki na watoto. Auze yupi? Mkubwa, aliyemwita baba kwanza? Mdogo, asiyejua lolote? Akiwashika wote watakufa wote. Akimuuza mmoja, atawatazamaje waliobaki? Mwishowe huenda sokoni akilia, na mnunuzi anaanza kuvutana naye kuhusu bei. Watu hao wawili walikuwa wa mji mmoja, pengine wa kanisa moja. Lakini mmoja alikuwa amefika mahali ambapo hasikii tena kilio cha mwenzake, na mwingine mahali ambapo upendo wa mzazi wenyewe umegeuka kuwa hesabu.

Hata katika sala za kuomba mvua Basili aliona mgawanyiko. Waliokuja kanisani kwa wingi walikuwa watoto, ambao waliweka chini vibao vyao vya kuandikia na kufurahi kwamba wamepata likizo. Watu wazima, ambao ndio walioficha nafaka na kutoza riba, walikuwa wakiendelea na biashara zao. Wasio na kosa walitubu kwa niaba ya wenye makosa.

Neno kwa tajiri, neno kwa maskini

Mahubiri ya Basili ya kipindi hicho yamehifadhiwa mpaka leo. Mojawapo linafafanua mfano wa tajiri mpumbavu katika Injili ya Luka, yule aliyetaka kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Basili alimlinganisha tajiri na mtu aliyewahi kufika kwenye ukumbi wa maonyesho, akakaa, kisha akawazuia wengine wasiingie, akidhani kwamba kilichowekwa kwa ajili ya wote ni chake kwa sababu tu alitangulia. Aliwakumbusha pia kwamba kisima kinachotekwa maji huwa safi zaidi, na kisichotekwa huoza. Kwake, mkate usioliwa na nguo isiyovaliwa vilikuwa mali ya mwenye njaa na ya aliye uchi. Kuvizuia kulikuwa ni dhuluma, si ukosefu wa ukarimu tu. Aliwataka wenye mikataba ya riba waichane.

Lakini hakuishia kwa matajiri, na hapa ndipo tunaona upana wa fikra zake. Aligeukia pia maskini, akawaambia kwamba yuko aliye maskini kuliko wao. Mwenye chakula cha siku kumi amtazame mwenye chakula cha siku moja. Hata mwenye mkate mmoja wa mwisho, mtu akibisha hodi mlangoni, autoe na kuumega, kama mjane wa Sarepta alivyompa nabii Eliya. Mtu anaweza kuliona neno hili kuwa gumu mno. Sisi tunaliona kuwa ni heshima. Basili hakuwaona maskini kama vinywa vya kulishwa tu. Kwake walikuwa watu wenye dhamiri, wanaoweza kutoa na wanaoweza pia kunyima. Mbegu ya uchoyo iliyo katika ghala yaweza kuota hata katika kapu dogo.

Tena aliwaaibisha Wakristo kwa mifano ya wengine: kondoo wanaolisha pamoja katika malisho mamoja, na hata wapagani ambao katika baadhi ya miji yao walikuwa na desturi ya meza moja na chakula cha pamoja. Halafu akawarudisha kwenye jumuiya ya kwanza ya Yerusalemu, iliyokuwa na vitu vyote shirika.

Sufuria katikati ya mji

Maneno hayo yalizifungua baadhi ya ghala. Basili mwenyewe aliuza sehemu ya urithi wake akanunua chakula. Kisha akafanya jambo ambalo rafiki yake Gregori hakulisahau hata miaka mingi baadaye alipolieleza katika hotuba ya kumkumbuka. Aliwakusanya wenye njaa mahali pamoja, wanaume, wanawake, wazee na watoto. Aliomba vyakula vya kila aina kwa yeyote aliyekuwa navyo, akaweka masufuria makubwa ya supu ya kunde pamoja na nyama iliyohifadhiwa kwa chumvi. Yeye, msomi wa Athene na mtoto wa wenye mashamba katika mikoa mitatu, alijifunga kitambaa kiunoni, akawaosha watu miguu na kuwapakulia, akisaidiwa na watumishi wake ambao hapo walikuwa watumishi wenzake.

Tuitazame hatua hiyo vizuri. Basili angeweza kupeleka magunia ya nafaka nyumba kwa nyumba kwa mikono ya watumishi. Njaa ingepungua, ila pengo lingebaki lilivyo, na mtoaji asingemwona mpokeaji. Yeye alichagua kuwakutanisha. Aliyetoa kunde alikuja akamwona aliyezila. Tunasadiki kwamba hapo alikuwa anaipeleka mjini meza ya Makrina.

Askofu na mji mpya

Askofu Eusebi alipofariki mwaka 370, Basili akachaguliwa kushika nafasi yake. Kaisari wa wakati huo, Valensi, alifuata uzushi wa Ario na alitaka maaskofu wamfuate. Ofisa wake mkuu, Modesto, alimtishia Basili kwa kunyang'anywa mali, kupelekwa uhamishoni, kuteswa na kuuawa. Basili alimjibu kwa utulivu kwamba hakuwa na cha kunyang'anywa zaidi ya nguo chakavu na vitabu vichache. Umaskini aliouchagua kwa ajili ya wenye njaa ulikuwa sasa ngao ya imani yake. Asiye na cha kupoteza ni vigumu kumnunua, na ni vigumu pia kumtisha.

Njaa ilipopita, Basili hakuzirudisha sufuria stoo. Nje kidogo ya mji alijenga makao ambayo baadaye yaliitwa kwa jina lake, Basileiadi. Palikuwa na kanisa, nyumba za wageni na wasafiri, mahali pa wagonjwa pamoja na waganga na wauguzi wao, na karakana za kazi mbalimbali. Wenye ukoma, waliokuwa wakifukuzwa na hata ndugu zao, walipata nafasi, naye askofu aliwabusu kama ndugu. Gregori aliyaita makao hayo mji mpya, ambao matajiri waliweka humo ziada yao. Wapo walionung'unika kwa gavana kuhusu ujenzi huo, na Basili akalazimika kuandika barua kuutetea. Barua zake nyingine zinamwonyesha akiwaombea maskini wapunguziwe kodi, wakiwemo watu wa milima ya Tauro waliotozwa kodi ya chuma kuliko uwezo wao. Alijua kwamba huruma isiyogusa kodi na madeni haifiki mbali.

Hatudai kwamba alimaliza kila kitu. Utumwa uliendelea katika Kapadokia, na Basili hakuupinga waziwazi kama alivyofanya baadaye mdogo wake wa Nisa. Wapo matajiri waliosikia mahubiri yake wakarudi nyumbani na funguo zao. Alikufa mapema, mwili ukiwa umechoshwa na maradhi na mifungo, tarehe 1 Januari 379, akiwa hajafikisha miaka 50. Katika mazishi yake walikuja Wakristo, Wayahudi na wapagani, na msongamano ulikuwa mkubwa kiasi cha watu kupoteza maisha.

Na sisi je?

Wapendwa wasomaji, hatuishi Kapadokia. Lakini pengo tunalijua. Katika parokia zetu tumezoea harambee ambamo jina la aliyetoa milioni hutangazwa kwa kipaza sauti na vigelegele, na la aliyetoa elfu mbili husomwa haraka haraka. Tunawajua waamini walioacha kuhudhuria jumuiya ndogo ndogo, si kwa kupoteza imani, ila kwa sababu daftari la michango lilifunguliwa kabla ya Injili. Tunajua msiba unaojaa magari, na msiba wa jirani ambapo hata wachimba kaburi hawatoshi. Tukiona ushirikiano umepoa, ni rahisi kuwalaumu watu kwa uvivu au kwa uchoyo. Basili anatufundisha kuuliza swali lingine kwanza: je, watu hawa bado wanakutana mahali ambapo mmoja anaona sahani ya mwenzake?

Swali hilo linatuhusu hasa sisi mafrateri. Tunaporudi nyumbani likizo, tunawekewa kiti cha mbele na soda, na wale tuliosoma nao shule ya msingi wanakaa mkekani. Ni heshima ya watu kwa Kanisa lao, na si vibaya kuipokea. Lakini Basili alirudi kutoka Athene akiwa na kiti kirefu zaidi ya hicho, na ni dada yake aliyemwonyesha njia ya kushuka. Padre anayejifunza kukaa juu kabla ya kupewa Daraja, atashuka lini?

Jumuiya inaweza kuanza kwa jambo dogo: mchango unaotolewa ndani ya bahasha bila majina kutangazwa, chakula cha pamoja baada ya sala kila mmoja akileta alichonacho, zamu ya kumtembelea mgonjwa ambayo daktari na mbeba mizigo wanapangwa pamoja. Hayo hayamalizi umaskini. Yanatupunguzia umbali, na umbali ukipungua, watu huanza tena kusikiana.

Mtakatifu Basili Mkuu, utuombee.